Seva ya Minecraft nyumbani: mimi naingia, wengine wote wanagoma. Fayawoli nimeiruhusu lakini bado! [IMETATULIWA]

#1 BabaWaSeva, Tanga

Habari za jioni wakuu. Wiki ya pili sasa napambana na hili jambo, nimeona nililete kwenu.

Nyumbani nina kompyuta ya mezani, Windows 11. Humo naendesha seva ya Minecraft ya Java (toleo la kompyuta la gemu hili la kujenga) kwa ajili ya wanangu wawili, mpwa wangu aliyeko Mwanza na binamu zao watatu wa Morogoro. Watoto hawa hawaonani mpaka likizo ya Desemba, kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi wanakutana humo. Wamejenga mji mzima: reli, bandari, na soko la samaki ambalo mwanangu mkubwa amelipanga kama Deep Sea ya hapa kwetu, meza kwa meza.

Tatizo lilianza nilipoipandisha seva kwenda toleo la 1.21. Ilikataa kuwaka mpaka niweke Java 21, programu inayoiendesha. Nikaweka, ikawaka. Tangu siku hiyo mimi nikicheza kwenye kompyuta hiyohiyo naingia bila shida, lakini wengine wote wanaletewa "Connection timed out". Wa Mwanza, wa Morogoro, hata laptopu ya sebuleni iliyo kwenye ruta moja na seva.

Kwenye ruta nimeelekeza poti 25565 (namba ya mlango ambao Minecraft inapitia) kwenda 192.168.1.20, ambayo ndiyo anwani ya hiyo kompyuta, na haijabadilika. Kwenye fayawoli ya Windows, ile kinga inayochuja miunganisho, nimetengeneza kanuni mpya ya kuruhusu TCP (namna moja ya kusafirisha data) 25565. Nimefuta, nimetengeneza tena, nimezima na kuwasha. Hakuna kitu.

Kinachonishangaza: nikizima fayawoli yote, wanaingia wote palepale. Nikiwasha, wanatoka. Sasa nimeiruhusu poti, inazuia nini?

Mpwa wangu ananipigia kila Jumamosi saa mbili asubuhi: "Mjomba, imefunguka?" Naombeni msaada wajuzi.

#2 Kipanga_88

Mkuu izime tu hiyo fayawoli, maisha yaendelee. Mimi yangu nimezima tangu 2019, nacheza kila kitu.

#3 FundiNyaya

Kaka BabaWaSeva, usifanye hivyo tafadhali. Na wewe Kipanga nakuomba uiwashe leo kabla hujalala, nasema hivi kwa kukujali.

Kazini kwangu nashika mitandao, na hili la "zima tu" ndilo linalonipa kazi nyingi kuliko yote. Mwaka 2003 kirusi cha Blaster kilizunguka dunia kwa kuingia kwenye Windows kupitia poti 135. Mwenye kompyuta hakubofya kitu wala hakufungua barua pepe ya mtu, alikuwa ameunganishwa mtandaoni tu. Ndiyo maana Microsoft walipotoa Service Pack 2 ya Windows XP, Agosti 2004, fayawoli ikaja ikiwa imewashwa tayari. Mei 2017 ikaja WannaCry kwa njia ya poti 445, ikafunga mafaili ya watu na kudai malipo. Ikishaingia kwenye kompyuta moja ya ofisi, inazitafuta nyingine yenyewe. Dawa yake Microsoft walikuwa wameshaitoa Machi mwaka huohuo, lakini wengi hawakuwa wameiweka.

Kompyuta yenye mji wa watoto ndani yake sitaki ifikiwe na mambo hayo.

Kuzima kwa dakika moja ili kupima ni sawa, na kaka umefanya vizuri kwa sababu kipimo hicho kimetuambia kitu kikubwa: ruta yako haina kosa, mtoa huduma wako hana kosa, seva yenyewe nzima. Kizuizi kiko ndani ya Windows. Tusihangaike tena na ruta.

Naomba vitu viwili. Fungua CMD (dirisha la kuandika amri), andika hivi ulete majibu:

`netstat -ano | findstr 25565`

Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `wf.msc`, ingia "Inbound Rules". Panga kwa jina, kisha niambie unaona mistari mingapi inayohusu Java na kila mmoja una alama gani pembeni.

#4 Simu_ya_Mkono

Kwanini asiweke DMZ kwenye ruta? Kaka yangu alifanya hivyo kwa ajili ya gemu zake ikakubali.

#5 FundiNyaya

DMZ ya ruta za nyumbani inachukua kila kinachogonga kutoka nje na kukipeleka kwenye kompyuta moja, poti zote. Unataka kumfungulia mgeni mlango wa sebule, unaishia kubomoa ukuta wa mbele. Na hapa isingemsaidia kabisa: laptopu ya sebuleni haipiti nje kuifikia seva, na bado inakwama.

#6 mwanafunzi_wa_IT

Naongezea kidogo kwa faida ya wote. "Connection refused" maana yake umefika kwenye mashine, imekujibu kwamba hapa hakuna anayesikiliza. Aidha seva haijawashwa au umekosea poti. "Connection timed out" maana yake umebisha hodi na hakuna aliyeitika, pakiti (kipande cha data) imetupwa njiani. Kwa hiyo ukiona "timed out" shuku fayawoli, ukiona "refused" shuku seva.

#7 FundiNyaya

Umesema vizuri, ila Windows ina tabia yake. Fayawoli yake ikiwa imewashwa, hata poti isiyo na msikilizaji inakaa kimya tu, haijibu "refused". Imefanywa makusudi ili anayechungulia kutoka nje asijue mashine ipo. Kwa hiyo kwenye Windows, "timed out" inaweza pia kuwa seva haijawaka. Ndiyo sababu nimeomba netstat kwanza, nisije nikamtuma mtu kufukuza kivuli.

#8 BabaWaSeva

Dada nashukuru sana. Majibu haya:

`TCP 0.0.0.0:25565 0.0.0.0:0 LISTENING 7412`

Upande wa fayawoli, kanuni yangu niliyoiita "Minecraft poti" ipo na ina tiki ya kijani. Halafu kuna mistari inaitwa "OpenJDK Platform binary". Ipo minne. Miwili ina tiki ya kijani, miwili ina alama nyekundu ya duara lenye mstari katikati. Sikuitengeneza mimi.

#9 FundiNyaya

Hiyo hapo. Alama nyekundu ndiyo adui yako.

Seva inasikiliza, tena kwenye 0.0.0.0, yaani inapokea kutoka upande wowote. Tatizo ni hiyo mistari miwili, mmoja wa TCP na mwingine wa UDP, namna ya pili ya kusafirisha data. Bofya mara mbili mstari mmoja mwekundu, nenda "Programs and Services", soma njia ya faili (mahali lilipo). Nina hakika utakuta folda ya Java 21. Kisha fungua ule wa kijani, utakuta folda ya Java ya zamani.

Imetokea hivi. Programu ikianza kusikiliza kwenye poti kwa mara ya kwanza, Windows inaleta kidirisha kuuliza kama uiruhusu. Ukibofya kuruhusu, inaandika kanuni ya kijani. Ukibofya "Cancel" haiishii hapo: inaandika kanuni ya KUZUIA na kuihifadhi moja kwa moja, bila kukuambia. Mara nyingi kidirisha kinatokea mtu yuko katikati ya kazi nyingine, anakifunga kama anavyofunga matangazo.

Kumbuka pia kwamba kanuni hizi zinafungwa kwenye njia ya faili. Ruhusa uliyotoa kwa Java ya zamani ilikuwa ya `java.exe` ile, kwenye folda ile. Minecraft kuanzia 1.20.5 inataka Java 21, na hiyo inakaa kwenye folda yake, kwa hiyo kwa Windows ni programu ngeni kabisa. Ikauliza upya.

Na kwa nini kanuni yako ya poti haikusaidia? Kwa sababu kwenye fayawoli ya Windows, kanuni ya kuzuia inaishinda kanuni ya kuruhusu zikigongana. Wewe umesema "poti 25565 ipite". Ile nyekundu inasema "huyu java.exe asipokee chochote". Hata ungetengeneza za kijani ishirini, nyekundu moja inazifuta zote. Watu wengi wanakesha hapa: kila wakishindwa wanaongeza ruhusa, wakati kinachotakiwa ni kuondoa katazo.

Zifute hizo mbili nyekundu. Zile za kijani za Java ya zamani zifute pia, hazina kazi tena. Baki na yako ya poti. Zima seva, iwashe. Kidirisha kikija, ruhusu "Private" (mtandao unaouamini, kama wa nyumbani) peke yake.

#10 BabaWaSeva

DADA IMEKUBALI!!

Mstari mwekundu umeandikwa hivi: `C:\Program Files\Eclipse Adoptium\jdk-21.0.3.9-hotspot\bin\java.exe`. Wa kijani uko kwenye folda ya jdk-17. Kama ulivyosema, neno kwa neno, kama vile ulikuwa umekaa hapa na mimi.

Nimewauliza wanangu. Mdogo amekumbuka: siku ile nilipotoka kwenda kupokea simu kilitokea kidirisha cha bluu, akakifunga ili aendelee kuona seva ikiwaka. Sikumgombeza, angejuaje.

Laptopu ya sebuleni imeingia. Nimempigia mpwa wangu usiku huuhuu, dada yangu akasema amelala, nikamwambia asimwamshe. Kesho atakuta imefunguka.

Mungu akubariki sana.

#11 Kipanga_88

Dada FundiNyaya, nimewasha fayawoli yangu. Gemu moja imegoma, nikaingia wf.msc nikakuta nyekundu tano. Nimezifuta, inacheza. Asante.

#12 Mpenda_Blocks, Dodoma

Samahani kuingilia uzi, tatizo langu linafanana ila fayawoli nimeikagua, haina nyekundu hata moja. Laptopu ya ndani inaingia kwenye seva vizuri, wa nje ndio hawaingii. Natumia ruta ya laini ya 4G. Poti nimeielekeza. Nikizima fayawoli yote bado hawaingii.

#13 FundiNyaya

Wa ndani wanaingia na wa nje hawaingii hata fayawoli ikiwa imezimwa, basi Windows tumwache. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni) ya upande wa WAN, yaani upande wa nje. Kisha kwenye kivinjari tafuta "what is my IP". Linganisha namba hizo mbili.

#14 Mpenda_Blocks

Ruta inasema 100.72 na kuendelea. Kivinjari kinaonyesha 41 na kuendelea. Hazifanani kabisa.

#15 FundiNyaya

Pole ndugu yangu. Hapo poti utaielekeza mpaka kesho na haitafika.

Anwani za IPv4 dunia nzima ni kama bilioni 4.3 na zimekwisha. Kampuni nyingi za simu zinawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Fungu la 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo. Fikiria jengo la ghorofa lenye sanduku moja la posta: barua unazotuma zinatoka na majibu yake yanakurudia, lakini barua ya mtu mgeni ikija pale chini hakuna anayejua ni ya chumba gani. Ruta yako ni mlango wa chumba chako. Umeufungua, sawa, ila barua inakwama getini kwa mtoa huduma.

Ukiona ruta ina anwani inayoanza na 10, au 192.168, au 172.16 mpaka 172.31 upande wa WAN, ni habari ileile.

Una njia tatu. Muulize mtoa huduma kama anatoa anwani ya umma, wengine wanaitoa kwa malipo ya ziada, hasa kwa laini za ofisi. Au kodi seva ndogo mtandaoni, uiweke Minecraft huko. Au tumia huduma inayounganisha kompyuta zenu kwa ndani, kama Tailscale au ZeroTier, ambako kila mmoja anaanza muunganisho kutoka kwake kwenda nje, kwa hiyo geti halina la kuzuia. Kwa watoto watano sita wanaofahamiana hii ya tatu ndiyo ninayoipenda, kwa sababu poti haiko wazi kwa dunia nzima.

Angalizo mbili. Tailscale nayo inagawa anwani zinazoanza na 100, usije ukazichanganya na ile ya ruta. La pili, hizi ni VPN (njia binafsi ya kuunganisha kompyuta kupitia intaneti), na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN nchini watoe taarifa zao. Usiipuuze hiyo, fuata utaratibu.

#16 Mpenda_Blocks

Nimeelewa sasa. Mwezi mzima nimekuwa nikibadilisha ruta nikidhani mbovu, nimenunua ya pili kabisa. Laiti ningeuliza mapema. Ngoja nijaribu ZeroTier, nitaleta mrejesho.

#17 Chumba_Namba_14

Sisi tuko hosteli ya chuo, tunataka kucheza wanne kwa waifai ya hosteli, kwa "Open to LAN" (kufungulia gemu walio kwenye mtandao mmoja). Hatuonani kabisa. Fayawoli safi, hakuna nyekundu.

#18 mwanafunzi_wa_IT

Hilo nililipata mwaka wa kwanza. Jaribu kupingiana, yaani kutuma ujumbe wa kupima na kusubiri jibu, kati ya laptopu na laptopu. Kumbuka tu Windows yenyewe inaweza kukataa kujibu pingi, kwa hiyo ukikosa jibu usihukumu haraka. Njia nzuri ni kuwasha hotispoti ya simu ya mmoja wenu, wote mjiunge hapo, mjaribu. Mkionana, basi waifai ya hosteli imewekewa utengano, kila kifaa kinaona intaneti tu na hakimwoni jirani yake. Kwa hosteli ni ulinzi wa maana, msimlaumu fundi wao. Tumieni hotispoti: gemu ikiwa kati yenu wenyewe bando haliliwi sana, linatumika zaidi wakati wa kuingia kwenye akaunti.

Na mkiwa kwenye hotispoti, angalieni Windows imeuita mtandao huo "Public" au "Private". Mtandao mpya kwa kawaida unawekwa "Public", na kanuni yenu kama iliruhusiwa "Private" tu haifanyi kazi. Settings, Network & internet, bofya jina la mtandao, badilisha. Mkirudi kwenye waifai ya hosteli hakikisheni hiyo imebaki "Public".

#19 Chumba_Namba_14

Tumeonana kwa hotispoti, ilikuwa "Public" kweli. Asante kaka.

#20 MamaWawili

Wanangu wanacheza kwenye tableti, siyo kompyuta. Nimefungua 25565 kama mlivyosema, hakuna kitu.

#21 FundiNyaya

Dada yangu, tableti inatumia Minecraft ya Bedrock, toleo jingine la gemu. Hiyo ni 19132 na ni UDP, siyo TCP. Kwenye ruta na kwenye fayawoli chagua UDP. Na tovuti zile za kupima kama poti iko wazi nyingi zinapima TCP tu, zitakuambia imefungwa hata ikiwa wazi. Pima kwa kuingia kwenye gemu yenyewe.

Tena msijipime kutoka ndani kwa kutumia anwani yenu ya nje. Ruta nyingi haziwezi kutoka na kujirudia zenyewe, utaona imegoma kumbe wa nje wanaingia. Zima waifai kwenye kifaa, tumia bando la simu, ndipo utakuwa mtu wa nje kweli.

#22 BabaWaSeva

Nimerudi na mrejesho, na swali la mwisho.

Jumamosi mpwa wangu aliingia saa mbili na dakika nne. Hakusema kitu, alikwenda moja kwa moja kwenye stesheni waliyoiacha nusu, akaanza kuweka paa. Wa Morogoro wakafuata. Nimekaa nyuma ya kiti cha wanangu nikitazama majina yakitokea moja baada ya jingine pale chini kushoto. Wiki tatu hawakuwa wameonana.

Swali: leo nimefungua logi (kumbukumbu za seva) nikakuta jina ambalo si la mtoto wetu yeyote, saa tisa usiku, likajaribu kuingia. Mara mbili. Mstari unasema "You are not white-listed on this server!" Je, nimevamiwa?

#23 FundiNyaya

Hujavamiwa kaka, umegongewa mlango, na mlango ulikuwa umefungwa. Kuna programu zinazozunguka anwani zote za mtandao zikitafuta 25565 iliyo wazi, ukishafungua poti utaziona. Umefanya jambo kubwa kuwasha orodha ya majina yanayoruhusiwa (white-list), iache hivyohivyo, na `online-mode` ibaki `true` ili mtu asije na jina la mpwa wako.

Kinachobaki ni kusasisha seva. Desemba 2021 lilipogundulika tundu la usalama kwenye Log4j, kipande cha programu kinachoandika logi, mtu aliweza kuishika seva ya Minecraft kwa kuandika ujumbe kwenye gumzo la gemu tu, na waliochelewa kuhamia toleo la 1.18.1 au kuweka kiraka waliachwa wazi. Fayawoli isingewasaidia, maana poti ilikuwa imeruhusiwa. Siku ukisasisha tena na Java ikabadilika folda, kidirisha kitakuja upya. Waambie watoto wakuite.

#24 BabaWaSeva

Nimewaambia. Mdogo ameandika kwenye karatasi na kuibandika chini ya skrini: KIDIRISHA CHA BLUU, MWITE BABA.

Nimebadilisha kichwa cha uzi.